Umemwaga Maji, Hujanyesha Mvua

Gramu 6.28. Hiyo ndiyo namba inayofungua siku zangu nyingi za kazi. Ni uzito wa maji yanayotakiwa kukipindua kikombe kimoja ndani ya kipimamvua chenye mdomo wa kipenyo cha milimita 200, kile kinachohesabu mvua kwa hatua za milimita 0.2. Hesabu yake si ndefu. Duara la milimita 200 lina eneo la sentimita za mraba 314 na ushee. Tandaza maji juu yake kwa kina cha milimita 0.2, utapata sentimita za ujazo 6.28, na uzito wake ni gramu hizohizo, ukiacha tofauti ndogo inayoletwa na joto la maji. Chini ya faneli kuna vikombe viwili vilivyoungana mgongo kwa mgongo juu ya ekseli, vinapanda na kushuka kama ubao wa bembea. Kimoja kikijaa kinalala na kumwaga, cha pili kinainuka kupokea zamu. Sumaku ndogo inapita mbele ya swichi: tak. Kinasa data kinaandika milimita 0.2.

Christopher Wren alikuwa na wazo la chombo kinachojipindua kikijaa mvua tangu mwaka 1662, na mpaka leo sehemu kubwa ya mvua inayopimwa duniani hupita kwenye vikombe vya ukoo huo. Ni kifaa ninachokipenda kwa sababu hakifichi kitu. Ukifungua kifuniko unauona utaratibu wote kwa macho yako. Ila uwazi huo ulinidanganya mwanzoni.

Mara ya kwanza kuachiwa kifaa nikihakiki peke yangu, nilipima mililita 628 za maji, yaani vikombe 100 kamili, nikayamimina kwenye faneli kwa mkono, polepole kadiri nilivyoweza kuvumilia. Ilinichukua kama dakika sita. Vikombe vilipinduka mara 92. Nikaona kifaa kinapunja, nikachukua bisibisi, nikapandisha zile skrubu mbili ambazo vikombe huziegemea vikilala, nikamimina tena na tena mpaka nikapata 100. Nikampelekea daftari fundi mkuu aliyekuwa akinifundisha. Akaniuliza nimemimina kwa muda gani. Nilipomjibu akaliweka daftari mezani, akasema: "Mwanangu, hapo umemwaga maji, hujanyesha mvua."

Akanirudisha kwenye kifaa kilekile, na chupa na mrija mwembamba. Maji yaleyale, mililita 628, ila sasa yadondoke kwa saa nzima. Tulikaa. Maji ya kikombe kimoja kila sekunde 36. Saa ilipotimia, hesabu ilisoma 108.

Mililita 628 kwenye mdomo ule ni mvua ya milimita 20. Ikinyesha kwa saa moja, ni mvua nzuri ya wastani inayotosha kulowesha shamba. Ikinyesha kwa dakika sita, ni mvua ya kasi ya milimita 200 kwa saa, mvua ya kuziba macho ambayo sehemu nyingi huipata kwa dakika chache tu, na si kila mwaka. Mimi nilikiweka kifaa kiseme kweli katika dhoruba tu. Katika mvua zote za kawaida, kingeongeza asilimia 8 mwaka hadi mwaka, bila mtu kushtuka, kwa sababu milimita 54 badala ya 50 haionekani kuwa kosa. Inaonekana kuwa mvua.

Kosa lenyewe linazaliwa katika kitendo cha kupinduka. Kikombe hakigeuki papo hapo. Tuseme kinatumia sekunde 0.3 kuanzia kinapoanza kulala mpaka ukuta unaogawa vikombe upite chini ya mrija wa faneli. Katika muda huo maji yanaendelea kuingia kwenye kikombe ambacho tayari kimeshahesabiwa. Mvua ya milimita 20 kwa saa inaingiza humo mililita 0.05 tu, chini ya asilimia moja ya kikombe. Mvua ya milimita 200 kwa saa inaingiza zaidi ya mililita 0.5, asilimia 8. Maji hayo yanapotea kwenye hesabu. Kadiri mvua inavyokuwa kali ndivyo kifaa kinavyosema pungufu, na hakuna mkao wa skrubu utakaoondoa hilo. Skrubu inaweza tu kuchagua kasi moja ambayo kifaa kitakuwa sahihi. Kasi nyingine zote zinahitaji mkunjo wa marekebisho: kifaa kinalishwa maji kwa kasi kadhaa zinazojulikana, kila moja inaandikiwa kosa lake, na programu inasahihisha baadaye.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilifanya ulinganisho mkubwa wa vipimamvua maabarani mwaka 2004 na 2005, katika maabara za De Bilt (Uholanzi), Genoa (Italia) na Trappes (Ufaransa), kisha ukafuata ulinganisho wa uwandani huko Vigna di Valle nchini Italia. Jambo moja lililoonekana wazi ni kwamba vifaa vilivyosahihishwa kwa mkunjo wa namna hii vinafanya kazi vizuri zaidi kuliko vilivyoachwa na skrubu peke yake. Fundi wangu alikuwa analijua hilo kwa mikono.

Siku hizi wengi hutumia pampu ndogo inayokamua mrija wa mpira kwa mwendo usiobadilika. Mimi bado naipenda chupa ya Mariotte. Ni chupa iliyozibwa vizuri juu, na kizibo kimepenywa na mrija wa hewa unaoshuka hadi karibu na sakafu ya chupa. Maji yanatoka kwa tundu la pembeni, chini zaidi ya ncha ya mrija ule. Chupa ya kawaida ikipungua maji, mtiririko nao unalegea. Hii hailegei. Hewa inaingia kwa mapovu kupitia mrija, na kinachoamua kasi ya maji ni kimo kati ya ncha ya mrija na tundu, si kiasi cha maji kilichobaki. Ukitaka mvua kali zaidi unapandisha mrija. Ukitaka manyunyu unaushusha. Blub, kimya, blub, na kule chini tak. Ukisikiliza kwa dakika kumi unajua kama mambo yanakwenda sawa kabla hujatazama namba yoyote.

Vipo pia vipimamvua vya mizani, ambavyo havipindui kitu ila hupima uzito wa maji yanavyojikusanya. Hivyo uhakiki wake ni mwepesi. Kama mdomo una sentimita za mraba 200, jiwe la mizani la gramu 20 ni milimita moja ya mvua, basi. Unaweka, unasoma, unaondoa.

Katika kazi hii tunatenganisha maneno mawili ambayo watu huyachanganya: kuhakiki na kurekebisha. Kuhakiki ni kukipa kifaa maji unayoyajua na kuandika kinachosema. Kurekebisha ni kukigusa ili kiseme vingine. La kwanza linaweza kufanyika bila la pili. La pili bila la kwanza ni uharibifu, na neno hilo nalitumia kwa makusudi. Nimewahi kukabidhiwa kumbukumbu za kituo kimoja zenye miaka saba. Kila mwaka alipita mtu akasafisha faneli, akazungusha skrubu mpaka akaridhika, akaandika "kifaa kiko sawa", akaenda zake. Hakuna mahali palipoandikwa alikikutaje. Ukiichora mvua ya kituo hicho dhidi ya ya majirani zake, unaona ngazi: mwaka huu juu, mwaka ujao chini, na kila ngazi inaanzia siku ya ziara yake. Laiti angeandika kwamba alimimina maji ya vikombe 100 akapata 94, leo ningejua kwamba siku ile kila mpinduko ulikuwa unabeba karibu milimita 0.213 badala ya 0.2, na ningekuwa na pa kuanzia kuisahihisha mvua ya miezi iliyotangulia. Miaka saba ya mvua ilipita mle ndani, na hakuna atakayejua kwa hakika ilikuwa kiasi gani. Kila nikikumbuka naumia.

Ndiyo maana hata uchafu siufuti kwanza. Kinyesi cha ndege, utando wa buibui, tope lililokauka ndani ya kikombe, vyote vilikuwemo wakati kifaa kikitoa namba, kwa hiyo uhakiki wa kwanza unafanyika navyo vikiwemo. Nalowesha vikombe, naacha mipinduko michache ya mwanzo, nahesabu, naandika. Natazama kila kikombe peke yake pia, kwa sababu viwili vinaweza kutofautiana na jumla ikatoka safi. Kisha ndiyo nachukua brashi. Kisha pimamaji, maana kifaa kilichoinama kina vikombe visivyolingana hata kama kila skrubu iko mahali pake. Skrubu ni ya mwisho kabisa.

Kuna kosa moja ambalo meza haiponyi, nalo ni upepo. William Heberden alitoa mwaka 1769 vipimo vya mvua ya mwaka mzima kutoka vyombo vitatu vilivyokuwa karibukaribu jijini London: kimoja chini ardhini, kimoja juu ya paa la nyumba, kimoja juu ya kanisa la Westminster Abbey. Cha chini kilikusanya zaidi ya inchi 22, cha paani zaidi ya 18, cha kanisani 12 tu. Watu walihangaika na fumbo hilo kwa miaka mingi, wengine wakidhani matone yanakua yakikaribia ardhi, mpaka William Stanley Jevons alipoonyesha mwaka 1861 kwamba chombo chenyewe kinaupindisha upepo, na upepo unayapitisha matone juu ya mdomo wake. Ndiyo sababu kipimamvua cha rejea hufukiwa shimoni, mdomo ukiwa sawa na ardhi, na wavu wa kuzuia maji yasiruke kuingia. Matone madogo ndiyo yanayopeperushwa zaidi, na hapo ndipo swali la mvua ngapi linapogeuka kuwa swali la matone gani.

Sasa tone. Kwa mwenye rada ya mvua, ile inayotuma mawimbi mawinguni na kupima mwangwi wake, tone ndilo kila kitu. Mwangwi unaorudi kutoka kwenye tone unakua kwa kipeo cha sita cha kipenyo chake. Tone moja la milimita 4 linarudisha mwangwi sawa na matone 64 ya milimita 2, ilhali maji yake ni sawa na ya matone manane tu. Kwa hiyo rada inaweza kuona mawingu mawili yenye mwangwi mmoja na mvua tofauti kabisa chini yake, na bila mtu wa kupima matone ardhini haijui ni lipi lenye maji mengi. Kifaa cha kupima matone huitwa disidromita.

Kabla ya disidromita kulikuwa na unga. Wilson Bentley wa Jericho, Vermont, nchini Marekani, anayejulikana zaidi kwa picha zake za fuwele za theluji, alichukua sinia lenye unga laini wa ngano kina cha inchi moja, akalitoa nje kwenye mvua kwa sekunde chache, akalirudisha. Kila tone liliacha kidonge cha unga uliokandwa. Aliyatoa matokeo yake mwaka 1904. Ninachomheshimia zaidi ni kwamba hakuishia kupima vidonge. Alidondosha kwenye unga uleule matone ya ukubwa anaoujua ili aone kidonge kinalinganaje na tone lililokizaa. Laws na Parsons, katika kazi yao ya mwaka 1943, walivikausha vidonge, wakavipitisha kwenye chekeche, wakavipima uzito. Wengine walitumia karatasi ya chujio yenye rangi, tone likiacha doa. Doa hilo nalo ni lazima lilinganishwe na tone linalojulikana. Njia ni nyingi ila zote zinapita mlango huo mmoja: lazima kwanza uwe na tone ambalo hulitilii shaka.

Tone hilo linatoka kwenye sindano. Nina moja iliyokatwa ncha ikawa bapa, yenye kipenyo cha nje kinachokaribia milimita 0.9. Tone linavimba chini yake kuliko sindano yenyewe, linaning'inia, shingo inakonda, linaachia. Huwezi kulipima kwa rula na huna haja. Nadondosha matone 100 kwenye kikopo chenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, ili maji yasiniponyoke kwa mvuke, na nakiweka kwenye mizani. Gramu 1.41. Kila tone lina miligramu 14.1, na tufe la maji la uzito huo lina kipenyo cha milimita 3. Sijaligusa tone wala sijalipiga picha, nami nakijua kipenyo chake kuliko ambavyo jicho lingeweza kunieleza.

Siku moja mizani ilisoma 1.13. Sindano ileile, mwendo uleule wa pampu, matone 100 niliyoyahesabu mara mbili. Kwa macho hayakuwa na tofauti yoyote. Nilibadilisha sindano, nikakagua mizani kwa jiwe lake, nikarudia: 1.13. Nilipofikia kukikagua chombo cha maji ndipo nikakumbuka kwamba asubuhi nilikiosha kwa sabuni na kukisuuza kwa haraka. Sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji, na mvutano huo ndio unaolishika tone lisiachie mapema. Ukilegea, tone linaanguka likiwa bado jepesi. Kipenyo chake kilikuwa milimita 2.78, si 3. Tofauti ya milimita 0.22 inaonekana ya kupuuza, lakini ingekuwa nimekiambia kifaa kwamba haya ni matone ya milimita 3, kwa hesabu ya rada ningekuwa nimezidisha mwangwi wa kila tone kwa zaidi ya asilimia 55. Tangu siku hiyo chombo cha matone hakikutani na sabuni, na matone 100 yanapimwa kabla na baada ya kila uhakiki.

Disidromita ya Joss na Waldvogel, iliyoelezwa mwaka 1967, inasikiliza. Ina uso wa sentimita za mraba 50 unaopigwa na matone, na kila pigo linageuzwa kuwa umeme. Kiswahili tunasema mvua imepiga, na kifaa hiki kinaichukua kauli hiyo kama ilivyo. Shida yake kwa mhakiki ni kwamba pigo linategemea uzito na kasi kwa pamoja. Tone la milimita 3 likiachiwa kutoka mita moja linafika na kasi ya karibu mita 4 kwa sekunde, nusu ya kasi yake halisi ya mvuani, na kihisi kitaliona kuwa tone dogo zaidi. Ili lifike kasi yake kamili linahitaji kuanguka zaidi ya mita kumi katika hewa iliyotulia. Kwa hiyo tunapanda. Sindano inafungwa juu kabisa kwenye uwazi wa ngazi za jengo, milango inafungwa, kila mtu anatakiwa asitembee. Hata hivyo matone yanatawanyika njiani, na katika mia unashukuru yakifika thelathini kwenye kihisi.

Disidromita za leza haziguswi na tone. Tone linapita kwenye mwale mwembamba na kuutia kivuli. Kiasi cha kivuli kinaeleza upana, muda wake unaeleza kasi. Hizo, na zile za kamera, unaweza kuzihakiki kwa gololi za chuma za kipenyo kinachojulikana, ambazo hazibadiliki umbo wala hazikaushwi na upepo. Gololi ni rafiki mwema, ila si tone. Tone kubwa la mvua halina umbo la chozi wanalolichora watu. Limebonyea chini kama mkate wa duara, upana umezidi kimo, na programu lazima ijue namna ya kutoka kwenye upana huo hadi kwenye tufe lenye maji sawa. Zaidi ya hapo, matone mawili yakipita pamoja kivuli chao kinaunganika kuwa cha tone moja kubwa ambalo halikuwapo, na tone lililopita ukingoni mwa mwale linasomwa dogo.

Raha ya leza ni kwamba mvua yenyewe inaweza kuihakiki. Gunn na Kinzer walichapisha mwaka 1949 kasi za matone katika hewa iliyotulia: la milimita 1 linaanguka kwa mita 4 kwa sekunde, la milimita 2 kwa 6.5, la milimita 3 kwa 8, la milimita 5 kwa 9 na kidogo. Kifaa kikiwa nje siku ya mvua tulivu, nachora kila tone kama nukta, kipenyo huku, kasi kule. Nukta zinatakiwa kutanda juu ya mkunjo wao. Kundi zima likihamia pembeni, kuna kioo kimeingia vumbi au kuna namba mtu ameigusa. Kwenye miinuko hewa ni nyepesi na matone huanguka haraka zaidi, kwa hiyo mkunjo unasahihishwa kwanza. Kisha jumla ya maji ya matone yote inapelekwa kwa kipimamvua jirani, mvua baada ya mvua, mpaka vikubaliane au nijue kwa nini havikubaliani.

Mezani kwangu leo kuna kipimamvua kilichorudi kutoka uwandani asubuhi. Kina utando wa buibui ndani ya faneli na kikombe cha kulia kina tope. Chupa imekaa juu yake tangu saa nne. Mililita 628 zimekwisha kudondoka, hesabu imesimama kwenye 95, na nimeiandika kwenye safu ya "nilivyokikuta". Sasa najaza chupa upya na kupandisha mrija kidogo, kwa mvua ya milimita 50 kwa saa. Brashi na bisibisi bado viko kwenye droo.